Geti la Simba Wawili

Mume wangu ni fundi wa mageti. Ukipita mtaani kwetu ukaona geti lenye maua ya chuma, mikuki juu na rangi ya dhahabu kwenye ncha, usiulize, ni lake. Ana mkono mzuri, hilo hata wanaomwonea wivu wanakubali. Shida yake ni moja tu: anaamini kila kibaya duniani kinaingia kwa mlango wa mbele.

Kuku walikuwa wangu. Mama yangu mzazi aliniletea mitetea wanane na jogoo mmoja ndani ya tenga, akaniambia nisiwape majina maana nitashindwa kuwala. Sikuwa na nia ya kuwala. Nilitaka mayai, na mayai yalikuwa ya binti yetu, ambaye nyumba nzima inamwita Bosi kwa jinsi anavyoamrisha watu akiwa na miaka miwili tu na kimo cha ndoo.

Kliniki walikuwa wamempima. Nesi aliangalia mizani, akaangalia kadi, halafu akaniangalia mimi. Mstari wa uzito ulikuwa umelala kama mtu aliyetoka shamba.

"Mama, huyu anakula nini?"

"Anachagua, dada."

"Anachagua nini?"

"Kutokula."

Nesi hakucheka. Alisema yai moja kila siku, bila kukosa. Alisema baada ya miezi mitatu anataka kuuona ule mstari umepanda, na usipopanda atatuandikia barua ya hospitali kubwa. Alisema kwa upole, lakini nilitoka pale nikihesabu miezi kwa vidole.

Namshukuru Mungu, yai Bosi analikubali. Anaanza na ute, kiini anakiweka pembeni, anakikagua pande zote, ndipo anakila. Wiki za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kuku walilala chini ya turubai nyuma ya jiko, asubuhi ninaokota mayai manne, matano, mtoto anakula, na mimi najiona waziri wa afya.

Halafu asubuhi moja wakapungua wawili. Palibaki manyoya na mguu mmoja.

"Basi," akasema mume wangu. "Najenga banda."

Nilifurahi. Nilimsifia mbele ya dada yake, tunayeishi naye, na nikampikia vizuri siku hiyo. Akaenda karakana kwake, akakaa huko wiki mbili akirudi jioni na macho mekundu ya moto wa kuchomelea, hasemi kitu, anatabasamu tu. Siku ya kumi na nne akarudi na mkokoteni na wanaume wanne. Juu ya mkokoteni kulikuwa na geti.

Geti lilimzidi kimo yeye mwenyewe. Katikati, simba wawili wa bati nene walikuwa wametazamana, ndimi nje. Juu kulikuwa na mikuki kumi na mmoja, ncha zake za dhahabu. Kufuli lilikuwa la ndani kwa ndani, la kutengeneza mwenyewe, na ufunguo wake ulikuwa mmoja tu ulimwenguni, umening'inia kwenye mkanda wake.

"Na banda liko wapi?" nikauliza.

"Banda ni kazi ya Jumapili moja."

Na kweli lilikuwa kazi ya Jumapili moja, tena ya kuanzia mchana. Nguzo za geti zilichimbiwa futi tatu na kumwagiwa zege. Kuta za pembeni zikawa mabanzi yaliyobaki kwa jirani anayejenga. Nyuma akaegemeza plaiwudi ya zamani iliyoanza kuvimba. Paa likawa mabati mawili yaliyotoboka, yamekandamizwa kwa mawe na tairi.

"Hupigilii misumari?"

"Misumari ya bati ni mambo ya seremala, Mama Bosi. Mimi ni fundi chuma."

Mwenye cherehani wa upande wa pili wa barabara, ambaye tunamwita Redio kwa sababu habari ikimfikia imeshatangazwa, alivuka aje kuona. Alizunguka mbele, akainama kuwatazama wale simba.

"Shemeji, hawa mbona wana sura ya kufiwa?"

"Wanalinda."

"Wanalinda huku wanalia? Haya. Ila nyumba njema si mlango, wahenga walisema."

"Aliyesema hivyo hakuwa fundi geti," akajibu mume wangu, na nakiri nilicheka, maana jibu lilikuwa zuri.

Wifi yangu alipiga picha. Alipiga akiwa amesimama, akiwa ameegemea, akiwa ameshika ulimi wa simba. Akazisambaza kwa wateja wake wote wa saluni. Wiki ile watu walikuwa wanapita kwetu kama kuna maonyesho. "Fundi, umetisha." "Fundi, hii hata ikulu hawana." Kila mtu akamvika kilemba cha ukoka, na mume wangu, kichwa chake si kidogo, akavaa vyote. Akaja hadi tajiri mmoja mwenye suti, akagonga geti kwa pete yake, akasema atarudi Jumamosi ya pili na mkewe, wakilipenda ataagiza la kwake.

Katika watu wote hao, hakuna aliyezunguka nyuma.

Siku ya nne akapotea mtetea. Mume wangu alitoka na kikombe cha chai, akalikagua geti kuanzia bawaba hadi mikuki, akapitisha kidole kwenye tundu la ufunguo.

"Halijaguswa," akasema, kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema.

"Kuku hayupo."

"Nasema geti halijaguswa."

Akaamua mwizi anaruka juu. Akaongeza mikuki mitano. Wiki iliyofuata akaenda jogoo. Akaongeza komeo la pili, la kukaa chini, kwa hiyo kumwagia kuku pumba asubuhi ikawa kazi ya kusubiri mume aamke, afungue juu, achuchumae, afungue chini, ndipo kuku watoke kama wafungwa waliomaliza kifungo.

Mimi nasoma masomo ya jioni. Mwalimu wetu wa sayansi anatuambia tuandike kwanza tulichokiona, maoni tutayatoa baadaye. Basi nilimbeba Bosi kiunoni nikazunguka nyuma ya banda na daftari. Niliona tundu chini ya plaiwudi, upana wa kiganja. Udongo ulikuwa umetupwa nje. Manyoya yalianzia ndani, yakaja nje, yakaelekea kwenye majani. Maoni yangu sikuyaandika, maana siku ya pili yake nilimwona mwenyewe. Nguchiro. Wa kahawia, mkia anauburura. Ilikuwa saa nne asubuhi na jua linawaka. Alisimama kwa miguu miwili, akanitazama kama mteja anayesubiri kuhudumiwa, na aliponiona sina la kumwambia akaenda zake bila haraka.

Jioni nilimweleza mume wangu. Akacheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Nguchiro? Nguchiro mzima hafiki kilo tatu. Lile geti lina kilo mia na hamsini."

Utadhani nilikuwa nawaandalia mieleka.

"Shimo liko nyuma, Baba Bosi."

"Nani anapita nyuma?"

Nilikwenda nikaziba tundu kwa mawe. Nguchiro akachimba pembeni. Nikaweka tofali. Akachimba upande mwingine, tena safari hii akachimba pana, nadhani alikuwa amenenepa. Tukabaki na kuku wanne, na katika hao wanaotaga wawili. Kuna siku yai lilipatikana, kuna siku nilitoka mikono mitupu na Bosi amekaa mezani anagonga kijiko anadai lake.

Nilisema basi tununue ya dukani.

"Mtu mwenye kuku uani, mwenye geti lile, aonekane dukani na mayai? Watu watasema nini?"

Hao watu, katika nyumba yetu, walikuwa na sauti kuliko nesi.

Nikasema basi wale wanne wahamie jikoni, hata kwa muda. Hapo ndipo dada yake akanivuta pembeni.

"Wifi, usimvunje moyo kaka yangu. Yule tajiri anakuja Jumamosi na mkewe. Simba bila kuku wanalinda nini? Na mwanaume ukimwonyesha shimo, anaona umemwonyesha kosa."

"Shimo ni shimo, wifi."

"Ndiyo maana nakwambia umwonyeshe Jumatatu."

Nikakubali. Hapo sina wa kumlaumu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nne twende kliniki, kuku wanne ndani ya banda lenye mlango mmoja wa ikulu na mwingine wa nguchiro, na mimi nikanyamaza ili nyumba iwe na amani.

Alhamisi, saa tisa mchana, mbingu ikawa nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Upepo ulianza kwa kunyakua nguo za wateja wa Redio kwenye kamba, gauni moja la harusi likapita barabarani peke yake. Kisha mabati ya banda yakaanza kupigapiga. Lile tairi lilijiviringisha likaanguka upande wa pili. Kuku walikuwa ndani, maana kwa ajili ya Jumamosi mume wangu alikuwa ameamua wakae ndani wazoee. Ufunguo ulikuwa kwenye mkanda, na mkanda ulikuwa karakana.

Wifi akampigia. Nilisikia sauti yake hata kwa mbali, anashindana na mashine.

"Kaka, dhoruba hiyo. Kuku tuwatoeje?"

"Msiguse geti. Nimelipaka rangi asubuhi, bado mbichi."

Wifi akashusha simu akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, niliona usoni mwake tuko upande mmoja.

Nilimpa Redio mtoto. Nikachukua jembe nikazunguka nyuma. Geti sikuligusa, mke mtiifu. Nilipiga jembe pale pale nguchiro alipoanza, na niseme ukweli, alikuwa amenifanyia kazi nusu. Plaiwudi ilikuwa imeoza, ilikatika kama biskuti iliyolowa chai. Nikalala kifudifudi kwenye tope, nikaingiza kichwa, nikaingiza bega moja, la pili likakataa, wifi akanisukuma kwa mguu, nikaingia.

Ndani kulikuwa na giza na kelele. Mvua ilikuwa inamiminika kwenye matundu ya bati. Nilimkamata wa kwanza kwa bawa, nikampitisha tunduni.

"Miguu, wifi, shika miguu."

"Ananidonoa."

"Na wewe mdonoe. Shika huyu wa pili."

Wa tatu alikuwa kwenye kona, amejikunja kama kitambaa. Wa nne alikuwa juu kwenye fito, chini kabisa ya paa, na hataki. Nilisimama, nikanyoosha mkono, na wakati ninamshika kifundo cha mguu bati lote likainuka juu ya kichwa changu. Nikaiona mbingu. Bati likatulia hewani kidogo, kama linafikiria, halafu likaondoka. Nilitoka kwenye lile tundu na kuku kifuani bila kukumbuka ni bega gani lilikataa mwanzo.

Chumba kilichokuwa karibu ni cha wifi, ambacho pia ndicho saluni yake. Tukawafungia humo. Mmoja akapanda moja kwa moja kwenye kiti chenye kofia kubwa ya kukaushia nywele, akatulia chini yake kama mteja wa siku zote.

"Wifi, huyu mwingine ananya kwenye shuka langu."

"Ananya kwa hofu, wifi. Mvumilie."

Nje tukasikia mabanzi yanaanguka, moja baada ya jingine, halafu banzi moja likavuka ukuta kurudi kwa jirani anayejenga, pengine kwa sababu lilikuwa limewakumbuka wenzake. Mvua ilipopungua tuliangalia dirishani. Banda halikuwepo. Geti lilikuwa limesimama katikati ya ua, lenyewe, limefungwa juu na chini.

Mume wangu alifika anakimbia, amelowa chapachapa. Hakuja mlangoni. Alikwenda moja kwa moja getini. Akalisukuma kwa bega, akalivuta, akapiga nguzo teke. Kisha, na haya niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, akatoa ufunguo, akafungua juu, akachuchumaa, akafungua chini, akaingia, na akarudishia nyuma yake. Akawa amesimama ndani, ambako ni nje.

"Shemeji," Redio akaita kutoka barazani kwake, amempakata Bosi, "mbona hukupiga hodi?"

Alinitazama mimi, niliyekuwa na tope kutoka kidevuni hadi magotini.

"Halijatikisika," akasema.

"Naliona."

"Kuku?"

"Wako chumbani kwa dada yako."

"Mliwatoaje? Lilikuwa limefungwa."

"Njoo nyuma nikuonyeshe."

Akaja. Sijui kama ni mvua iliyomlainisha au ni kukosa ukuta wa kujificha nyuma yake, lakini alikuja. Akapiga goti pale, akatazama lile tundu, akaingiza mkono hadi begani, akatoa futi kamba akalipima.

"Umepita hapa wewe?"

"Nimepita."

"Na yeye alikuwa anapita hapa."

"Kila siku."

Akalipima tena. Niliona kitu kinawaka machoni pake, nikafurahi, nikadhani ndiyo toba.

"Kumbe huu ni mlango," akasema. "Naweza kutia geti dogo hapa."

Nilikwenda ndani. Nikanawa mikono, nikaitoa kadi ya kliniki kwenye mfuko wa nailoni, nikaiweka mezani mbele yake alipoingia.

"Soma huo mstari."

Ana kawaida ya kusoma mchoro kwa kidole. Akaufuata mstari kutoka mwanzo, polepole, hadi mwisho.

"Umelala."

"Tuliambiwa yai kila siku. Wiki hii amekula matatu. Tarehe hiyo hapo chini ndiyo ya kurudi, na usipopanda tunapelekwa hospitali kubwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia shimo liko nyuma."

Akaiweka kadi chini kwa mikono miwili. Bosi alikuwa amesharudishwa, amekaa chini anamvua baba yake kiatu kilicholowa, kwa amri yake mwenyewe. Mume wangu alimwangalia yule mtoto kwa namna ambayo sijawahi kumwona akimwangalia mtu, wala simba.

"Unataka nini?" akaniuliza.

Nikamwambia. Banda fupi, linalonifika kiunoni, ili upepo usipate pa kushika. Bati lifungwe kwa waya kwenye kila nguzo. Kuzunguka pande zote wavu wa chuma wenye matundu madogo, uchomelewe vizuri, na ushuke chini ya ardhi futi moja na nusu, ili anayechimba akutane nao.

"Chini ya ardhi?"

"Ndiyo."

"Wavu nitakaouchomelea mimi. Nikishaufukia, nani ataona kazi yangu?"

"Hakuna."

Ilimuuma. Sitanii, ilimuuma kama mtu aliyeng'olewa jino. Alikaa pale akikamua maji kwenye shati, akauliza kama hata ua moja dogo kwenye kona haliwezekani, nikamwambia linawezekana, chini ya ardhi pia.

Kesho yake aliondoka mapema akarudi na trei ya mayai mikononi, amepita nayo barabara nzima. Kuku walikuwa wamegoma kutaga kwa mshtuko, na Bosi hajui mshtuko wa mtu.

"Shemeji," Redio akasema bila kuinua macho kwenye cherehani, "kuku wako wamehamia dukani?"

"Wako likizo," akajibu, na akaendelea kutembea.

Jumamosi yule tajiri alikuja na mkewe. Wakamkuta mume wangu yuko kwenye mtaro hadi mapajani, anasawazisha udongo juu ya wavu aliouchomelea siku nzima ya jana yake, maungio yote yamesuguliwa yakawa laini kana kwamba atakuja mtu kuyapapasa.

"Fundi, unapanda nini?"

"Nafukia wavu."

"Mzuri hivyo? Mbona unaufukia?"

Mume wangu akaegemea koleo. Nilijua kuna jibu refu linakuja, nikasubiri kwa hofu.

"Ndiyo kazi yake," akasema, akaongeza udongo.

Mke wa tajiri alilipenda geti. Alisema simba wana huruma. Wakaling'oa na zege lake, wanaume sita safari hii, na sasa linalinda jumba kubwa upande wa juu. Redio, aliyefika huko kumpima mke wa tajiri gauni, anasema kwa nyuma jumba lina uzio wa maua tu.

Kuku walianza kutaga Jumapili. Nguchiro alikuja Jumanne. Nilimwona akichimba, akasimama, akachimba kwingine, akazunguka banda zima mara mbili, halafu akakaa chini akanitazama. Nilimwonea huruma kidogo. Ni fedheha kumzoea mtu halafu akabadilika.

Siku ya kliniki mume wangu alisema atakuja pia. Hajawahi. Alikaa kwenye benchi kati ya kina mama, magoti yamekutana, Bosi mapajani, mkoba wa mtoto begani. Nesi akampima Bosi, akaangalia mizani, akaandika, akaunganisha nukta.

"Umepanda," akasema. "Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" mume wangu akauliza.

"Kidogo, baba. Inatosha. Endeleeni hivyo hivyo."

Hakuridhika. Akaomba kadi, akatoa futi kamba mfukoni, akailaza juu ya mstari huku nesi anamtazama na kina mama kumi na wawili wanamtazama.

"Milimita tatu," akasema. Akachukua kalamu ya nesi mezani, akaandika kwenye kiganja chake, tatu, kama anavyoandika vipimo vya wateja asivyotaka kuvisahau.

Nesi akanigeukia. "Ndiye baba?"

"Ndiye."

"Mwezi ujao mje naye tena," akasema, akanyoosha mkono kudai kalamu yake.